Kilomita chache kwenye pikipiki ya mtumba: nitajuaje kama ni za kweli?

SWALI: Fundi, nimeonyeshwa Boxer ya mwaka 2019 hapa Morogoro. Mita inasoma kilomita 9,000, na muuzaji anasema alikuwa akiendea kazini tu. Nimwamini?

JIBU: Ndugu yangu, usiiamini mita peke yake. Mita hizi za mshale huendeshwa na waya unaotoka gurudumu la mbele. Ukikatika au ukichomolewa, pikipiki inatembea bila kuhesabu. Inua gurudumu hilo, ulizungushe, uone kama mshale unacheza. Tazama pia skrubu za mita: zikiwa na mikwaruzo mipya, kuna mtu amefungua.

Kisha soma chuma na raba. Kwa kilomita 9,000, raba ya kukanyagia ya dereva huwa bado ina mistari yake. Ikiwa imelika hadi laini na pedeli ya breki inang'aa, kazi imefanyika. Kagua na raba za abiria, maana zikilika sana, hiyo ilikuwa bodaboda. Meno ya sproketi yaliyochongoka pia yanasema mengi, ila sproketi hubadilishwa, hivyo mpya kabisa nayo ikutie shaka.

Piga hesabu: bodaboda ya mjini ikitembea kilomita 100 kwa siku, siku 300 ni kilomita 30,000 kwa mwaka.

Dalili mbili au tatu zikigongana na mita, lipa bei ya pikipiki iliyochoka, au iache.