Gari la Zamani Lisipowaka: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Mmiliki wa gari la zamani aghalabu hupoteza fedha nyingi kwa kukisia kuliko kwa ubovu wenyewe. Gari likikataa kuwaka asubuhi, shauri la kwanza analopewa ni kununua betri mpya. Baada ya siku chache betri hiyo nayo huishiwa nguvu, kwa kuwa kilichoharibika kilikuwa alteneta, au pengine waya mmoja uliolegea. Somo hili linakusudia kumwezesha mlaji kuutambua ubovu kabla ya kufungua mkoba.

Kwa mkazi wa Kibaoni, jambo hili si la fedha pekee. Barabara ya kwenda Mpanda kupitia Sitalike hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, makazi ya tembo, nyati na simba. Gari likizimika humo, dereva hawezi kushuka kulisukuma bila kuhatarisha maisha yake.

Kazi ya kila kifaa

Betri hutunza umeme. Stata huutumia umeme huo kuizungusha injini. Injini ikishawaka, alteneta, au dainamo katika magari ya zamani zaidi, huzalisha umeme na kuijaza betri upya. Kimoja kikishindwa, dalili huweza kuonekana kwa kingine. Ndiyo maana hatuna budi kupima.

Hatua ya kwanza: tazama na usikilize

Washa taa kubwa, kisha piga stata. Taa zikififia sana na stata ikazunguka kwa uzito au kugonga-gonga tu, yamkini umeme wa betri ni haba, au viungo vyake ni vichafu. Taa zikibaki angavu na stata ikawa kimya, chunguza stata, solenoidi yake na waya wa swichi. Stata ikizunguka kwa nguvu na injini isiwake, betri si ya kulaumiwa. Tafuta ubovu kwenye mafuta au cheche.

Hatua ya pili: safisha viungo

Fungua vichwa vya betri, ukianza na waya unaoungana na bodi ya gari, na uufunge huo mwisho. Sugua kwa msasa hadi chuma king'ae. Usiusahau waya unaounganisha injini na bodi, maana kutu yake huweza kuifanya betri nzima ionekane mbovu. Kumbuka pia kwamba katika baadhi ya magari ya zamani ya Kiingereza waya wa bodi hutoka upande chanya; hakikisha kabla ya kufunga betri nyingine.

Hatua ya tatu: pima kwa mita

Mwombe fundi apime mbele yako. Kwa betri ya volti 12, tarajia vipimo hivi:

- Gari likiwa limelala usiku kucha: volti 12.6 ni betri iliyojaa; 12.2 ni takriban nusu. Chini ya 12 imeishiwa.
- Stata inapozunguka: betri iliyojaa isishuke chini ya volti 9.6 hivi.
- Injini ikinguruma kwa kasi ya wastani: kati ya volti 13.8 na 14.4.

Injini ikiwaka na kipimo kisipande, gari halichaji. Anza na mkanda uliolegea, kisha nyaya, kisha kaboni za alteneta. Kipimo kikizidi volti 15, kidhibiti chaji ni kibovu na betri itachemka. Gari lenye dainamo huweza kuchaji kidogo sana likiwa sailensa. Ongeza mwendo wa injini kabla ya kuhukumu.

Ikiwa gari huchaji vema lakini huamka limeishiwa, jaza betri, ufungue waya wa bodi usiku kucha. Betri ikiamka na nguvu, kuna kifaa ndani ya gari kinachonyonya umeme. Ikiamka imeishiwa, betri yenyewe imechakaa.

Mambo ya kukataa

Usikubali fundi afungue betri injini ikiwa inawaka ili "kupima alteneta". Mtindo huo huweza kuiunguza alteneta iliyo nzima. Usisogeze moto wala sigara karibu na betri inayochajiwa, kwani hutoa hewa inayolipuka. Betri ikikauka, ongeza maji yaliyotoneshwa tu. Kuongeza tindikali huiharibu.

Haki zako

Kabla ya kazi kuanza, dai kuelezwa ubovu na gharama. Kifaa kikibadilishwa, omba ukabidhiwe cha zamani. Unaponunua betri, soma tarehe iliyopigwa juu yake, mwambie muuzaji aipime ukiwapo, upokee risiti ya kielektroniki na dhamana iliyoandikwa. Bila karatasi hizo, ni vigumu kuthibitisha dai lako.

Ukiuziwa kifaa bandia, itunze risiti pamoja na kifaa chenyewe, kisha utoe taarifa kwa Tume ya Ushindani, chombo kinachosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji. Masuala ya ubora wa bidhaa hupokelewa pia na Shirika la Viwango Tanzania.

Tunamsihi kila mmiliki afanye vipimo hivi nyumbani, mchana, kabla ya safari. Dakika chache za kupima Kibaoni ni nafuu kuliko usiku mmoja wa kukwama hifadhini.