Kijerumani Jikoni

Wengi wetu tunaosoma Kijerumani hulalamika kwamba sarufi yake ni ngumu. Nami nilikuwa mmoja wao, mpaka siku moja ya likizo nilipoharibu chakula cha jioni cha nyumba nzima. Tangu siku hiyo jiko limekuwa mwalimu wangu, na ningependa kuwaeleza niliyojifunza.

Nilikuwa na karatasi yenye maelezo ya kupika viazi. Iliandikwa hivi:

Schäle die Kartoffeln. (Menya viazi.)
Lege die Kartoffeln in den Topf. (Weka viazi sufuriani.)
Gieße Wasser in den Topf. (Mimina maji sufuriani.)
Gib Salz in das Wasser. (Tia chumvi majini.)
Koche die Kartoffeln zwanzig Minuten. (Chemsha viazi kwa dakika 20.)
Gieße das Wasser ab.

Nilipofika sentensi ya mwisho nilisoma upesi: gieße, mimina, das Wasser, maji. Basi nikamimina maji mengine, nikaacha moto uwake. Kumbe neno dogo ab, lililokaa mwishoni peke yake, ndilo lililoshika maana yote! Gießen ni kumimina, lakini abgießen ni kumwaga maji yaondoke. Viazi vikawa uji. Mama hakunigombeza. Alivisaga kwa mwiko, akatia maziwa, tukala. Alisema tu, “Mwanangu, uwe unasoma mpaka mwisho ndipo utie mkono.”

Hilo ndilo somo la kwanza. Katika Kiswahili, kinachogeuza maana hushikamana na kitendo: funga, fungua. Katika Kijerumani huweza kutengana nacho. Mach die Tür zu ni “funga mlango”. Mach die Tür auf ni “fungua mlango”. Usipongoja neno la mwisho hutajua ufanye lipi. Lakini vitabu vingi vya upishi haviamrishi hivyo; hutumia kitendo kisichonyambuliwa, nacho hukaa mwishoni: Das Wasser abgießen. Hapo ab hurudi na kuungana na mwenzake.

Somo la pili ni la amri. Kumwamrisha rafiki au ndugu, ondoa -en ya mwisho, na mara nyingi utie -e: schälen, schäle, kochen, koche. Vichache hubadili irabu na havitaki -e: geben huwa gib, nehmen huwa nimm. Ukisema na mtu mzima usiyezoeana naye, yafaa useme Schälen Sie, Kochen Sie. Adabu ni adabu hata jikoni.

Somo la tatu ni la mahali. Sisi husema “weka viazi sufuriani” na “viazi vimo sufuriani”, na neno sufuriani halibadiliki. Mjerumani hubagua. Viazi vikiwa vinaingia, husema in den Topf. Vikiwa vimekwisha kutulia humo, husema in dem Topf, au kwa kifupi im Topf. Basi jiulize: je, kitu kinakwenda, au kimekaa?

La mwisho ni jinsia. Tazama meza: der Löffel, kijiko, ni cha kiume, die Gabel, uma, ni wa kike, das Messer, kisu, si cha kiume wala si cha kike. Msitafute sababu, hamtaipata. Lakini sisi wenye ngeli nyingi tuogope tatu? Jifunzeni kila jina pamoja na der, die au das yake, kama mtoto wa kwetu ajifunzavyo “kisu hiki” na “uma huu”.

Zoezi: andikeni kwa Kijerumani, “Chumvi imo majini.” Kisha pikeni viazi kwa kufuata karatasi yangu, na msisahau ab.