Jumapili Isiyo na Duka

Wadogo zangu, leo chai ni ya tangawizi na hakuna wa kutukatiza, maana ni Jumapili, na Jumapili ya Ujerumani hata nzi anaruka kwa adabu.

Nimepata barua ya binti wa Kitanzania aliye hapa hapa Hamburg, mji niliomo na mimi. Anatunza wazee, huu ni mwaka wake wa pili. Kazi anaiweza, baridi ameizoea, mshahara si haba. "Dada," ananiambia, "siku sita naishi, Jumapili nakufa." Akiamka anashika simu. Anaingia kundi la familia, anahamia kundi la shule, kutoka hapo video za harusi ya mtu asiyemjua, na akija kushtuka giza limeingia na chai ya asubuhi imeota utando pale pembeni. Anauliza: afunge mizigo arudi?

Mdogo wangu, kurudi au kubaki ni jambo la kuamua Jumatano, umeshiba, umelala vizuri. Usiliamue Jumapili. Jumapili ya huku inasema uongo.

Mie yangu ya kwanza niliishiwa chumvi. Kwetu Tanga chumvi ikiisha unamtuma mtoto dukani, na akichelewa unajua ameenda kucheza. Nikavaa koti, nikatoka. Duka la kwanza limefungwa. La pili limefungwa. Barabarani hapana mtu, nikadhani kuna msiba wa taifa zima na mimi sijaambiwa. Nikasema basi, kwa kuwa nimeshatoka, nikatupe chupa tupu kwenye lile pipa kubwa la vioo pale kona. Chupa ya kwanza, paa! Ya pili, paa! Ya tatu bado iko mkononi, dirisha la ghorofa ya pili likafunguka, bibi mmoja akachomoza kichwa na kidole. Alisema neno moja tu: "Sonntag!" Yaani Jumapili. Akafunga dirisha. Nikarudi nyumbani na chupa zangu zilizobaki, nakula wali usio na chumvi huku nalia kama niliyefiwa.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba maduka huku yamefungwa Jumapili kwa sheria, na kwamba kutupa chupa siku hiyo, au kutoboa ukuta, ni kumvunjia jirani mapumziko yake. (Ukikwama, maduka ya ndani ya stesheni kuu huwa wazi. Ndiyo maana Jumapili wageni wote wa mji huu tunapishana pale, kila mmoja na kitunguu chake.)

Ilinichukua muda kujua kwamba sikuwa nalilia chumvi. Kwetu Jumapili hujazwa na watu wasioalikwa. Shangazi amepita tu, anatoka kanisani. Jirani kaja kuazima pasi, kakaa mpaka chakula cha mchana. Huku hapiti mtu. Siku imeachwa tupu kama uwanja wa mnada siku isiyo ya mnada, na wewe unaikabidhi kwa simu.

Na simu inakutesa kwa jambo ambalo huenda hujalitazama: saa. Majira ya baridi, Dar iko mbele yetu saa mbili. Majira ya joto, saa moja. Wewe unafumbua macho saa tatu ya asubuhi, wao ni saa tano, wamesharudi ibadani, sufuria iko jikoni, picha ya pilau imeshatumwa. Kila siku unaingia kwenye shughuli ilipofika katikati. Jioni unapopata hamu ya kuongea hasa, wao wanapiga miayo. Fanya hivi: mpigie mama yako kwa saa mliyoagana, uongee naye kwa kituo, umsikilize mpaka habari ya kuku wa jirani. Kisha simu iweke kwenye droo ya soksi. Sifanyi mzaha, droo ya soksi. Ya meza iko karibu mno.

Na yule binamu ambaye salamu zake huishia kila mara kwenye ada ya mtoto? Jumatatu yupo. Tuendelee.

Simu ikiwa drooni, soma. Najua umeguna. Utasema, "Dada, nasoma kutwa, barua za ofisi zinanitosha." Kweli, huku maisha yako yote huja kwa barua, na kuzisoma ni lazima, hasa bahasha ya njano. Ile mleta barua huandika juu yake tarehe aliyoileta, na siku zako za kujibu huhesabiwa kuanzia hapo, uwe umeifungua au umeificha chini ya godoro. Ifungue siku hiyo hiyo. Usipoielewa, mpelekee anayeelewa. Hilo ni la kujilinda, wala usiliite kusoma.

Hata Kijerumani, kisome. Niliitwa usaili wa kazi kwa simu, mama wa upande wa pili akanipa saa: "halb vier." Nusu naijua, nne naijua. Nikapiga hesabu yangu ya darasa la nne: nne na nusu, yaani kwetu saa kumi na nusu jioni. Nikafika saa kumi na dakika ishirini, nimechana nywele, najipongeza kwa kuwahi kama Mjerumani. Kumbe kwao hiyo ni nusu ya kuiendea nne. Walikuwa wananisubiri saa tisa na nusu. Nilichelewa dakika hamsini, tena nikaingia natabasamu! Kazi ile sikuipata, na somo lenyewe lilikuwa kwenye kitabu cha lugha nilichokiacha sandukuni, chini ya kanga.

Maktaba za mji wetu zinaitwa Bücherhallen. Ile kuu iko Hühnerposten, hatua chache kutoka stesheni kuu. Wanavyo vikundi vya mazungumzo vinavyoitwa Dialog in Deutsch, bure, hujiandikishi, unaingia na kuketi. Nenda siku ya wiki unapotoka kazini mapema. Anza na vitabu vya picha vya watoto bila haya. Mie nilikuwa navisoma nimekaa kwenye kiti kifupi cha watoto, magoti kidevuni, na mtoto wa miaka mitano akanirekebisha matamshi.

Ila Jumapili yako usiipe Kijerumani. Kichwa kinachosoma lugha ya kazi tu huchoka kama mguu usiovuliwa kiatu. Jumapili soma Kiswahili. Anza na Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, yule wa Zanzibar aliyeondoka kwao kijana wa miaka kumi na minane, akakulia uandishi Uingereza, akapata Nobel mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994. Tafsiri ya Kiswahili ni ya Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota wakaichapa 2022. Kuna kijana humo, Yusuf, anayechukuliwa kwao na mfanyabiashara kwa ajili ya deni la baba yake, na hajui kama anasafiri au ameuzwa. Nilikuwa nimeisoma kwanza kwa Kiingereza, nikaipenda kwa mbali. Niliposoma ya Kiswahili niliwasikia wale watu wakiongea, nikajikuta nawajibu. Jikoni, peke yangu, kwa sauti.

Unajua kitu kingine kilichonisaidia? Kujua kwamba hatukuanza sisi. Siku moja panda U1 ushuke Ohlsdorf. Makaburi ya pale ni makubwa mpaka mabasi ya mji yanapita ndani yake, basi usiende na viatu vya harusi. Humo amelala Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844. Alipokuwa mtoto alijifunza kuandika kwa siri, maana mabinti wa nyumba ile walifundishwa kusoma tu. Akampenda mfanyabiashara wa Kijerumani, mambo yakaharibika, akatoroka kwa meli ya Waingereza mwaka 1866. Akaolewa Aden, akaja Hamburg hii hii, akaitwa Emily Ruete. Mwaka 1870 mumewe akagongwa na tramu ya farasi, akafa. Mwanamke wa Unguja, watoto watatu wadogo, lugha bado ngeni, na nyumbani hawezi kurudi! Alikuja kufundisha Kiarabu apate riziki, na mwaka 1886 akatoa kitabu cha maisha yake. Sikufichi, zipo kurasa anazoutetea utumwa, nami nilikifunga kwa hasira nikakaa wiki bila kukigusa. Nilikirudia. Mtu aliyeonewa anaweza kuwa hakuona aliowaonea yeye, na hilo pia ni la kusoma.

Yupo pia Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa karibu na Bagamoyo, aliyekuja Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Kitabu chake cha Desturi za Waswahili kilitoka 1903, na wataalamu wanakichimba mpaka leo. Alioa Mjerumani. Walipotaka kurudi pamoja, serikali ya kikoloni iliwazuia kushuka Dar es Salaam kama mume na mke, wakageuza na kurudi Ulaya. Alifia Berlin mwaka 1927. Mie nikikaa na habari ile huwa namwona amesimama kwenye meli, minazi anaiona, harufu ya bandari anaipata, na hawezi kushuka. Wewe, mdogo wangu, tiketi unaweza kukata kesho. Ndiyo maana nasema usiikate kwa sababu ya Jumapili.

Ukishasoma asubuhi, mchana toka. Huhitaji fedha ya utalii. Ile tiketi ya mwezi ya nchi nzima, Deutschlandticket, ilianza Mei 2023 kwa euro 49, na ingawa bei imekuwa ikipanda tangu hapo, bado inalipa. Inapanda treni zote za mikoa, basi na tramu. Treni za kasi, zile za ICE, haipandi, usije ukashushwa kwa aibu. Ni ya kulipia kila mwezi mpaka uisimamishe, na ukitaka kuisimamisha sema kabla ya tarehe 10. Lübeck si mbali hata saa moja. Bremen nenda, Schwerin kaone kasri lililokaa ziwani. Ukivuka mpaka kwenda nchi nyingine za Schengen, kibali chako cha ukaazi kinakuruhusu siku 90 ndani ya kila siku 180, lakini beba pasipoti pamoja na kadi. Uingereza haimo humo, hiyo ni viza yake mbali. Na ukienda nyumbani likizo ndefu, angalia usipitilize miezi sita nje kabla ya kuzungumza na ofisi ya wageni, kwani kibali kinaweza kufa ukiwa unakula mihogo Pangani.

Lakini kwa Jumapili hii nataka uende karibu tu: Landungsbrücken, upande kivuko namba 62 cha kwenda Finkenwerder. Tiketi ni ile ile. Panda juu, ukae upande wa kulia, upepo ukupige. Mara ya kwanza nilipokipanda nilicheka peke yangu, maana ni pantoni ya Kigamboni iliyofundishwa kunyamaza. Baiskeli zipo, mama na mtoto mgongoni wapo, kijana anayewahi kuruka kabla chombo hakijafunga yupo. Hayupo muuza karanga, wala hakuna anayegombea mbele. Upande mmoja nyumba ndogo na mchanga wa Övelgönne, upande wa pili winchi za makontena, ndefu kama twiga wa chuma. Siku ile mzee mmoja aliona natazama meli ya mizigo inayoingia, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tanga. Hakusema "Afrika ni nzuri," hakuniuliza simba. Aliniuliza: "Bandari yenu ina kina gani?" Alikuwa baharia mstaafu. Tukaongea kina cha maji mpaka Finkenwerder, mimi kwa Kijerumani changu cha vitabu vya watoto, na Jumapili ikaisha bila mimi kujua.

Nenda na chupa ya chai, mkate wa samaki utanunua pale pale gatini. Ndimu wanayo, iombe. Pilipili beba yako.

Na kitabu usihangaike kununua kwanza, nakala yangu ya Peponi nawaazima. Ila iko kwa muuguzi mmoja wa Altona tangu Pasaka, anasema amebakiza kurasa thelathini na hataki iishe. Baada yake kuna dereva wa basi. Wewe ni wa tatu, jina lako nimeshaliandika.