Bunduki ya Kwanza ya Kuwindia kwa Fedha Kidogo

*Mtaalamu, naishi Boise, Idaho, nchini Marekani. Nataka kuanza kuwinda kulungu, lakini nina dola 700 tu. Je, ninunue bunduki rahisi kisha niiboreshe taratibu?*
*Msomaji, Boise*

Ndugu yangu, ondoa shaka: fedha hizo zinatosha kuanzia. Ruger American na Savage Axis ni za bei nafuu na hupiga shabaha vizuri. Chagua ya risasi za .308 Winchester, zinapatikana kwa urahisi na zinamtosha kulungu. Kama teke lake litakuumiza bega, .243 Winchester ni laini zaidi.

Usianze na urembo. Tanguliza darubini nzuri na vishikizo imara vya kuifungia, maana vikilegea utakosa shabaha hata kwa bunduki ghali. Bakiza fedha za risasi za mazoezi, uirekebishe darubini kwenye uwanja wa shabaha kwa yadi 100. Baadaye ongeza mpira wa kitako wa kupunguza teke.

Kifyatulio usikiguse mwenyewe: kikilegezwa mno, bunduki inaweza kulia bila kutarajiwa. Mwachie fundi bunduki. Ukinunua bunduki iliyotumika, fundi huyo akague mtutu kabla hujalipa. Kabla ya msimu, pata mafunzo ya uwindaji na ukate leseni.