YAKOBO ALIYECHECHEMEA
Somo kwa familia zenye mgonjwa wa mgongo

Masomo: Mwanzo 32:22-32; Mwanzo 33:12-14; Waebrania 11:21



Katika familia zetu hapa Nyamirambo wako walioumia mgongo. Mmoja alianguka akikimbia vita, mwingine aliumia akibeba saruji kwenye ujenzi, mwingine kwa kupandisha maji mlimani miaka mingi. Dumu moja la lita 20 ni kilo 20 kila safari. Maumivu huanzia kiunoni, hupita kwenye tako, hushuka mguuni hadi kwenye unyayo. Wameombewa, wametumia dawa, na bado wanaumwa. Kisha wanasikia maneno: "Ni mvivu." "Hana imani." "Amerogwa." Somo hili ni lao, na ni letu tunaoishi nao.

1. NENO LINASEMA NINI?

Yakobo alijua ukimbizi. Alimkimbia ndugu yake Esau, akaishi ugenini kwa Labani miaka 20. Katika safari ya kurudi, kwenye kivuko cha Yaboki, alishindana na mtu usiku kucha, akaguswa uvungu wa paja, ukateguka. Mstari wa 32 unaeleza kwamba kwa sababu hiyo Waisraeli hawali kano ya mahali pale. Wayahudi huielewa kano hiyo kuwa ni neva ya siatiki, ile ile inayowasumbua wagonjwa wetu.

Tuangalie vizuri. Yakobo alipewa baraka na jina jipya, na asubuhi ile ile akaondoka akichechemea. Biblia haisemi popote kwamba mguu ule ulipona. Basi kuchechemea si dalili ya laana. Paulo naye aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, akapewa neema ya kuuchukua (2 Wakorintho 12:7-10). Hatuachi kuombea uponyaji, kwa maana Yesu alimnyoosha mama aliyepinda miaka 18 (Luka 13:10-13). Lakini asiyepona tusimhukumu.

2. TUUELEWE MWILI

Kati ya pingili za mgongo kuna diski, kama mito midogo. Diski ikitokeza nje inaweza kubana mzizi wa neva, na maumivu yakashuka mguuni. Wengi hupata nafuu katika wiki au miezi michache. Wengine hubaki na ulemavu wa kudumu. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Mgonjwa hayuko peke yake.

Kulala kitandani siku nyingi hudhoofisha mgongo. Kutembea kidogo kidogo husaidia. Mwenye Mituweli aanzie kituo cha afya, aombe rufaa ya hospitali na mazoezi ya viungo. Rwanda ina pia HVP Gatagara, iliyoanzishwa mwaka 1960 na Padri Joseph Fraipont Ndagijimana kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Tusimalize fedha ya chakula cha watoto kwa watu wanaoahidi kuponya kwa siku moja.

HATARI: Mgonjwa akishindwa kukojoa, akijikojolea au kujinyea, akifa ganzi sehemu za siri, au miguu ikiishiwa nguvu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

3. TUFANYE NINI?

Esau alipotaka waondoke pamoja, Yakobo alimwomba atangulie, ili yeye aende polepole kwa mwendo wa watoto na mifugo. Familia ya Mungu huenda kwa mwendo wa aliye dhaifu.

- Vijana wachote maji kwa ajili ya nyumba yenye mgonjwa. Akitaka kusaidia, abebe dumu la lita 5.
- Ibadani apewe kiti chenye egemeo. Aruhusiwe kusimama wengine wakiwa wamekaa, na asilazimishwe kupiga magoti.
- Apewe kazi anayoiweza: kufundisha watoto, kutunza hesabu za kikundi, kushauri vijana.
- Tumtembelee pia mwenzi wake, maana mzigo wake umekuwa mara mbili.

Baba asiyeweza kubeba gunia bado ni baba. Yakobo alivuka Yordani akikimbia, na mkononi alikuwa na fimbo tu. Katika uzee wake, ugenini Misri, aliabudu akiegemea fimbo, akawabariki wajukuu wake. Hakuna aliyemwambia kwamba baraka yake ni pungufu.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Ni maneno gani tumemwambia mgonjwa wetu ambayo tunapaswa kuyaacha?
2. Nani katika safu yetu ya nyumba anahitaji kuchotewa maji wiki hii?
3. Mgonjwa wetu anaweza kutumika wapi kanisani?

TUOMBE: Ee Mungu wa Yakobo, waponye watu wako. Na wanaoendelea kuchechemea, uwabariki, utupe sisi kutembea nao polepole. Amina.