Zabibu Haisubiri: Somo la Njia ya Misafara

Wana chuo wenzangu, ukitaja nchi ya juu yenye mvinyo, wengi watafikiria mabonde ya mbali kama Cafayate kule Argentina, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Sawa. Lakini sisi wa Tabora tunayo ya jirani, tena iko kwenye njia ileile ya misafara ya zamani. Panda treni ya Reli ya Kati kuelekea mashariki, ushuke Dodoma. Usitegemee milima mikali. Ni uwanda wa Ugogo, mita kama 1,100, wenye mashamba ya mizabibu Hombolo, Makutupora, Mpunguzi na Bihawana. Swali la kwenda nalo ni moja tu: kati ya mkulima na mnunuzi, nani anaweza kusubiri?

Kwa nini Ugogo?

Wamisionari ndio walioanzisha mizabibu Bihawana, miaka ya 1950. Kwenye nchi za baridi mzabibu hulala majira ya baridi, ukavunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, hivyo mkulima ndiye anayeuamsha kwa kupogoa. Akikata matawi, machipukizi mapya hutoka, na baada ya miezi minne au mitano anavuna. Ndiyo maana kuna misimu miwili, mmoja karibu na Machi, mwingine Agosti na Septemba. Ukame wa miezi mingi hupunguza ukungu, adui mkubwa wa zabibu. Msimu wa Machi hukutana na mvua, kwa hiyo ndio wenye mtihani zaidi.

Hongo ya maji

Karne ya 19, msafara uliotoka Bagamoyo ukifika Ugogo ulikuwa hauna ujanja. Chakula kimepungua, na mbele kuna Mgunda Mkali, pori kavu kabla ya Unyanyembe. Watemi wa Kigogo walidai hongo: nguo, ushanga, waya. Wasafiri wa Kizungu wakalalamika sana. Lakini hebu liangalie kiuchumi. Wagogo walikuwa na visima na nafaka, na mamia ya wapagazi hawawezi kuiambia kiu isubiri. Aliyeweza kusubiri ndiye aliyepanga bei.

Leo mambo yamegeuka

Zabibu ikishakatwa, siku chache tu inaanza kuharibika. Mkulima wa ekari moja hana tangi. Kiwanda kikisema matangi yamejaa, afanye nini? Majirani nao wameivisha wiki hiyohiyo. Anauza kwa bei anayotajiwa, basi.

Kiwandani zabibu nyekundu husagwa na kuchachushwa pamoja na maganda yake ili mvinyo upate rangi. Sukari inageuka kilevi, na kitu kilichokuwa kinaoza sasa kinakaa miezi, hata miaka. Thamani kubwa iko hapo, kwenye uwezo wa kusubiri.

Linganisha na asali yetu ya Tabora. Asali iliyoiva vizuri ina maji kama asilimia 20 au pungufu, kwa hiyo haichachi kirahisi. Mrina akiifunga vizuri kwenye ndoo, anaweza kungoja bei ipande. Hatajirika kwa hilo peke yake, lakini angalau hauzi kwa hofu.

Dawa ni nini?

Tukisema tu "wakulima walime zaidi," tumekosea hesabu: zabibu nyingi bila matangi ni hasara nyingi. Wakulima jirani wanaweza kupogoa kwa zamu ili mavuno yasigongane. Hilo linataka makubaliano kuliko mtaji. Zabibu za Agosti zinaweza kukaushwa kwa jua. Tangi la ushirika ndilo gumu zaidi, maana linahitaji mkopo, umeme na mtu anayejua kemia ya uchachushaji. Hapo ndipo tunapoitwa sisi, jamani. Shahada ya biashara au ya sayansi isiyoweza kusaidia tangi moja ina kazi gani?

Ukifika shambani, uliza

1. Umepogoa lini, na jirani yako je?
2. Toka kukata hadi kupimiwa mzani kiwandani, zinapita saa ngapi?
3. Nani anapima utamu wa zabibu, na wewe unakiona kipimo?
4. Ukishapeleka mzigo, hela inaingia baada ya muda gani?

Andika majibu, kisha rudi nayo darasani.