Masista wa Karema na Ng'ombe wa Mahari

Mji wa Tukuyu umekaa juu ya vilima, chini ya Mlima Rungwe, katika nchi ya mvua nyingi na migomba mingi. Upande wa kusini nchi hiyo hushuka hatua kwa hatua mpaka bonde la Ziwa Nyasa. Zamani za Wajerumani mji uliitwa Neu Langenburg, na boma lao lilikuwa hapo.

Wamisionari wa kwanza kukaa katika nchi ya Rungwe walikuwa Wamoravian na watu wa Misheni ya Berlin, nao walifika mwaka wa 1891. Wakatoliki walichelewa sana. Mwaka wa 1932 ndipo Roma ilipoitenga nchi hii iwe misheni ya peke yake, ikaitwa Misheni ya Tukuyu, ikakabidhiwa Mapadre Weupe. Mwaka wa 1938 ilipandishwa cheo ikawa Prefektura ya Kitume. Hivyo kwa miaka kadhaa jina la mji huu mdogo wa milimani liliandikwa katika vitabu vya Roma pamoja na majina ya miji mikubwa ya dunia.

Padre aliyefika kijijini aliweza kuwakusanya wavulana bila shida kubwa. Kwa desturi ya Wanyakyusa wavulana waliondoka mapema katika nyumba za baba zao, wakajenga vibanda vyao pamoja na wenzao wa rika moja, na huko walikaa wakakua. Mvulana aliyekwenda shuleni asubuhi hakuharibu shauri la mtu, ilimradi ng'ombe wa baba yake wachungwe. Kwa wasichana mambo yalikuwa mengine kabisa, na sababu yake ilikuwa zizini.

Kwa Wanyakyusa ng'ombe hakuwa maziwa na nyama tu. Ng'ombe ndiye aliyefunga undugu. Msichana aliposwa angali mdogo, na ng'ombe wa mahari yake walianza kufika kwa baba yake, leo mmoja, mwakani mwingine. Nao hawakukaa hapo. Baba aliwatoa tena ili mwanawe wa kiume apate mke, au alilipa deni lililobaki la mahari ya mkewe mwenyewe. Basi ng'ombe mmoja aliweza kupita katika mazizi matatu au manne, na kila zizi alilopita palikuwa na ndoa iliyosimama kwa ajili yake.

Sasa chukua msichana mmoja aliyekwisha kuposwa. Ng'ombe wawili wamefika, na mmoja wao amekwisha kupelekwa kwa wakwe wa kaka yake. Msichana huyo akasema, "Baba, nataka kukaa shuleni, sitaki kuolewa na mtu yule." Neno hilo ni fupi, lakini maana yake ni kwamba ng'ombe warudi. Wakirudi, mke wa kaka yake naye atadaiwa na watu wa kwao. Baba aliyekataa hakuwa mkatili, wala hakuwa mjinga. Alikuwa akizishika nyumba tatu zisianguke kwa siku moja.

Jambo hili padre hakuweza kulitatua kwa mahubiri. Tena yeye ni mwanamume. Hakuweza kukaa jikoni na mama zake msichana, wala kulala karibu na mabinti wa watu ili awalinde. Kazi hiyo ilihitaji wanawake. Mapadre Weupe walilijua hilo zamani sana, kabla hawajaiona Tukuyu, kwa kuwa walikwisha kuliona kwingine.

Shirika lao lilianzishwa mwaka wa 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers katika nchi ya Aljeria. Nchi ile ilikuwa imepigwa na njaa na kipindupindu, na yatima walikuwa wengi. Lavigerie aliona upesi kwamba mwanamume mgeni hawezi kuingia penye wanawake katika nyumba za Waarabu. Mwaka uliofuata, 1869, akaanzisha shirika la masista. Watu waliwaita Masista Weupe kwa sababu ya mavazi yao.

Sasa tuiache Tukuyu kidogo. Mtu akitoka huko akapanda mpaka Mbeya, akashika njia ya Tunduma na Sumbawanga, akavuka nchi ya Wafipa, kisha akaelekea magharibi, atafika mwisho Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Leo Karema imo katika Mkoa wa Katavi. Wabelgiji walijenga ngome huko mwaka wa 1879, na mwaka wa 1885 waliwaachia Mapadre Weupe. Masista Weupe walifika Karema mwaka wa 1894. Mtu asidhani walikuja kwa gari la moshi. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka wa 1914, miaka ishirini baadaye. Siku zile mtu alivuka bara kwa miguu, kwa machela na kwa mashua, na homa ilimfuata njiani.

Wasichana wa kwanza waliowapokea huko hawakuwa na baba wa kuwakataza. Wengi walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Wengine walikuwa yatima wa vita na njaa. Misafara ya watumwa ilikuwa imeipitia nchi ile kwa miaka mingi, na mapadre walikuwa wakiwanunua watoto kwa nguo na shanga ili wawape uhuru. Mtoto wa namna hiyo hakujua kwao ni wapi. Pengine hata jina la mama yake lilikuwa limempotea. Hakuna aliyemdai ng'ombe, na hakuna aliyemngojea nyumbani.

Masista waliwalea. Waliwafundisha katekisimu, kusoma, kushona, kufua, kuuguza wagonjwa na kutunza watoto wachanga. Tena waliwalimisha sana, maana nyumba yenye watoto wengi haina budi kula. Kwa kweli jembe na sindano vilipata saa nyingi kuliko kitabu. Masista wa siku zile walidhani, kama walivyodhani watu wengi wa Ulaya wakati huo, kwamba msichana anahitaji elimu ya nyumba kuliko elimu ya hesabu. Na binti alipokua, aliozwa kijana Mkristo wa misheni. Shauri lake mwenyewe halikuwa na nafasi kubwa. Alipata uhuru wa kutokuuzwa tena, na uhuru huo haukuwa mdogo, lakini haukuwa uhuru wote.

Huko Karema alikuwako pia mtu mmoja ambaye masista walifanya kazi karibu naye kwa miaka mingi, yaani Adrien Atiman. Yeye naye alikamatwa na kuuzwa akiwa mtoto, katika nchi za Afrika ya Magharibi. Mapadre walimkomboa, akapelekwa kusoma uganga katika kisiwa cha Malta. Alifika Karema kabla ya masista, akawatibu watu wa huko mpaka alipofariki mwaka wa 1956. Wagonjwa walioona Mwafrika akitoa dawa hawakuona ajabu tena kumwona binti wa Kiafrika akifunga vidonda.

Baadaye walianza kuja wasichana wa namna ya pili, mabinti wa Wafipa na wa makabila ya jirani, wenye baba, wajomba na wachumba. Hapo ndipo shida ya zizi la Rungwe ilipoonekana Karema pia, ingawa mahari ya huko haikuwa kama ya Wanyakyusa. Na shida ilizidi wasichana wengine waliposema kwamba hawataki kuolewa kabisa, wanataka kuwa kama masista. Katika nchi ambako mwanamke alipata heshima kwa watoto wake, neno hilo liliwashtua watu. Baba alipoteza mahari. Mama alipoteza wajukuu. Ukoo wote uliulizwa na majirani binti yao ana kasoro gani.

Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza misheni ya Karema, hakuwafukuza wasichana hao. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 aliwakusanya, na Masista Weupe wakawafundisha maisha ya utawa na nadhiri zake tatu: ufukara, usafi na utii. Alifariki mwaka wa 1917. Wakati huo huo jambo la namna hiyo lilikuwa likifanyika Uganda. Huko Masaka, mahali paitwapo Bwanda, shirika la Bannabikira, yaani wana wa Bikira, lilianza mwaka wa 1910 chini ya malezi ya Masista Weupe. Hivyo wale waliosema kwamba msichana wa Kiafrika hawezi kushika maisha hayo walijibiwa kutoka pande mbili.

Masista wa Kiafrika waliweza mambo ambayo wageni hawakuyaweza. Walizijua lugha tangu tumboni mwa mama zao. Walijua wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza mbele ya wazee. Sista aliyekwenda kwa baba mwenye hasira alijua kwa nini amekasirika, kwa kuwa baba yake mwenyewe alikuwa amekasirika vile vile. Na wanawake walipomwona akisoma barua, au akiandika majina ya watoto daftarini, walipata mfano mbele ya macho yao.

Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, upande wa mashariki, walifanya kazi masista wa shirika jingine, Wabenediktini wa Tutzing, Ujerumani. Walifika nchini mwaka wa 1888, wakaanza Pugu, karibu na Dar es Salaam, kwa kulea watoto waliokombolewa. Mnamo Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, misheni ya Pugu ilivamiwa, na Sista Martha Wansing aliuawa. Miaka kumi na sita baadaye, tarehe 14 Agosti 1905, Vita vya Maji Maji vikiwa vimeanza, masista wawili, Felicitas Hiltner na Cordula Ebert, waliuawa pamoja na Askofu Cassian Spiss na mabruda wawili karibu na Liwale, wakiwa safarini kwenda Peramiho. Watu walikuwa wamechoshwa na kodi na kulimishwa pamba kwa nguvu, na machoni mwao Mzungu wa misheni na Mzungu wa boma hawakutengana. Masista hao hawakuwa wamemlimisha mtu pamba. Wenzao walirudi, wakaendelea na shule zao.

Rungwe ilipopata misheni yake mwaka wa 1932, basi, njia ilikuwa imekwisha kupasuliwa na wengine, na mapadre waliokuja walijua kwamba bila masista nusu ya kazi itabaki. Mwaka wa 1949 jina la Tukuyu liliondoka katika vitabu vya Roma, na misheni ikawa Vikarieti ya Kitume ya Mbeya. Mwaka wa 1953 ikawa jimbo. Baada ya uhuru serikali ya Tanzania ilizitwaa shule nyingi za misheni, kwa sheria ya mwaka wa 1969, ili ziwe za watoto wote bila kuuliza dini. Hospitali nyingi zilibaki kwa makanisa. Hospitali ya Igogwe, iliyoko wilayani Rungwe, ni ya Jimbo Katoliki la Mbeya.

Lile shirika lililoanza na wasichana wa Karema sasa huitwa Masista wa Maria Malkia wa Afrika. Wana shule na zahanati, na wanajiongoza wenyewe. Majengo ya ngome ya Wabelgiji yaligeuzwa kuwa misheni, nayo husimama hata leo. Huko Rungwe mahari bado hutolewa, ila mara nyingi fedha zimeshika mahali pa ng'ombe, na baba huweza kuhesabu mezani kile ambacho babu yake alikihesabu zizini.

Maswali

1. Kwa nini ilikuwa rahisi kumpeleka mvulana shuleni kuliko msichana katika nchi ya Rungwe?
2. Eleza jinsi ng'ombe mmoja alivyoweza kufunga ndoa za nyumba nyingi.
3. Wasichana wa kwanza wa Karema walipata nini kwa masista, na ni jambo gani ambalo hawakulipata?
4. Waulize wazee wa kijijini kwenu ni nani aliyekuwa msichana wa kwanza kusoma, na wazazi wake walisema nini. Andika majibu yao.